Hapigi Chombo, Haimbi: Toscanini Alisifiwa kwa Kazi Gani?

SWALI: Mimi ni mwimbaji wa sauti ya tatu katika kwaya ya kanisa, na mwaka huu nimeanza kujifunza kusoma nota. Nimetazama filamu ya zamani ya mzee mwenye mvi, Arturo Toscanini wa Italia, akiongoza okestra bila kitabu mbele yake. Wapo wanaosema hajatokea mkubwa kama yeye. Mimi naona anapunga kijiti tu. Chombo hapigi na wimbo haimbi. Je, alifanya kazi gani hasa hata akapata sifa hizo? Na ni kweli kwamba aliwahi kuwa mtu wa Mussolini?

JIBU: Ndugu msomaji, umeuliza maswali mawili, nami nitayajibu kwa mkupuo mmoja, kwa kuwa ukaidi uliomfanya Toscanini aogopwe na wapiga fidla ndio huo huo uliomgombanisha na Mussolini, na ukisimulia habari ya upande mmoja na kuuacha wa pili, mtu mwenyewe hutamwona.

Tuanze na jina la kazi yake. Neno kondakta sisi tumekwisha kulikabidhi kwa anayekusanya nauli kwenye basi, na sioni haja ya kumnyang'anya; kwa hiyo hapa nitasema mwongozaji. Kwaya yako ina sauti nne, na mwalimu wenu akisimama mbele huzisikia zote nne na kumjua aliyekosea. Mwongozaji wa okestra anasoma kitabu chenye mistari ishirini na zaidi inayokwenda kwa wakati mmoja: filimbi juu kabisa, tarumbeta na ngoma katikati, fidla na chelo (fidla kubwa ya sauti nene) chini ya ukurasa. Baadhi ya vyombo hivyo, kama klarineti na honi, nota zake huandikwa kwa sauti moja na kusikika kwa sauti nyingine, hivyo msomaji hulazimika kuzihamisha kichwani papo hapo. Kila mpiga chombo ana karatasi ya sehemu yake peke yake, na hajui aliye nyuma yake ameandikiwa nini. Mwenye wimbo mzima mkononi ni huyo mmoja asiyepiga chombo.

Chukua Simfoni ya Tano (simfoni ni muziki mrefu wa okestra) ya Beethoven, ambayo mwanzo wake umekwisha kuusikia mahali fulani hata kama jina lake hukulijua: nota tatu fupi na moja ndefu. Ukifungua kitabu utaona kwamba kipimo cha kwanza, yaani kipande kifupi cha mwanzo kilichotengwa kwa mistari ya wima, hakianzi na sauti. Kinaanza na kimya cha nusu pigo, kisha ndipo zinakuja zile nota tatu. Maana yake ni kwamba watu wengi wenye pinde mikononi wanatakiwa kuhesabu kimya kimoja kwa urefu ule ule na kuingia kwa pamoja mara baada yake, kwa mwendo ambao bado hakuna aliyeusikia. Mkono wa mwongozaji ndio unaowaonyesha kimya hicho. Ukitetereka kidogo, utasikia nota nne badala ya tatu, na wapenzi wa muziki watacheka usiku mzima. Hilo ni pigo la kwanza tu, na simfoni yenyewe huchukua zaidi ya nusu saa.

Hata hivyo, unachokiona kwenye filamu ni sehemu ndogo ya kazi. Kazi kubwa hufanyika kwenye mazoezi, pasipo watazamaji, pale inapoamuliwa tarumbeta zipunguze sauti kiasi gani ili filimbi isikike, upinde wa fidla uvutwe juu au chini, na nota yenye alama ya kusisitizwa isisitizwe mpaka wapi. Toscanini alikuwa mtu wa mazoezi kuliko mtu wa jukwaa, na jambo hilo watu wengi wanaomsifu kwa macho yake makali na mkono wake wanalisahau.

Alizaliwa Parma, kaskazini mwa Italia, tarehe 25 Machi 1867. Baba yake, Claudio, alikuwa fundi cherehani aliyepigana chini ya Garibaldi katika vita vya kuiunganisha Italia, na maisha ya nyumba hiyo yalikuwa ya dhiki. Akiwa na miaka tisa kijana aliingia chuo cha muziki cha mjini kwao, akapewa chelo, na mwaka 1885 akamaliza kwa alama za juu kabisa. Macho yake yalikuwa mabovu. Alikuwa haoni mbali, na ili asome kitabu cha nota ilimbidi akisogeze karibu kugusa pua. Kitabu kilichowekwa mezani mbele ya mwongozaji kisingemsaidia chochote, kwa hiyo alikuwa anakariri. Unapomwona hana kitabu, usidhani ni mbwembwe. Alichokihitaji alikuwa amekwisha kukimeza chote nyumbani: mistari yote, alama zote, maneno yote ya waimbaji.

Inasimuliwa na wanamuziki kwamba siku moja, kabla ya onyesho kuanza, mpiga basuni alimwendea kwa hofu akamweleza kwamba kitufe cha nota moja ya chini cha chombo chake kimevunjika. Toscanini aliinamisha kichwa, akafikiri kwa muda, kisha akamwambia asiwe na wasiwasi, kwa sababu nota hiyo haitokei katika muziki wa usiku ule. Kisa hiki kinasimuliwa kwa namna zaidi ya moja, na vyombo vinabadilika kulingana na msimulizi. Lakini waliofanya kazi naye hawakukiona kuwa kigumu kuamini.

Kumbukumbu hiyo ndiyo iliyompa kazi. Mwaka 1886 alisafiri na kampuni ya Kiitaliano ya opera, yaani michezo ya kuigiza inayoimbwa, kwenda Brazil, akiwa mpiga chelo na msaidizi wa mwalimu wa kwaya. Mwongozaji wa kampuni, Mbrazili aitwaye Leopoldo Miguez, hakuelewana na waimbaji, akajiuzulu na kuwalaumu Waitalia hadharani katika magazeti. Tarehe 30 Juni, mjini Rio de Janeiro, ukumbi ulijaa watu waliokuja kusikiliza Aida, opera ya mtunzi wa Italia Verdi, nusu yao wakiwa wamekuja kumtetea mwenzao. Msaidizi wa kwanza alipopanda kushika kijiti alizomewa mpaka akashuka. Wa pili naye akapanda, akazomewa, akashuka. Onyesho likifutwa, fedha za tiketi za kurejeshwa ni za watazamaji lakini njaa ni ya wanakwaya, na hao ndio waliomsukuma yule kijana wa miaka 19, ambaye wote walijua kwamba opera ile anayo kichwani. Alitoka katika safu ya wapiga chelo, akapanda, akakifunga kitabu, akaanza. Watu waliokuwa wamejiandaa kuzomea walishangaa kidogo kwa umri wake, na mshangao huo ulitosha kumpa nafasi ya vipimo vichache vya mwanzo. Baada ya hapo muziki ulijitetea wenyewe. Usiku uliisha kwa shangwe, na msimu wote uliobaki akaumalizia yeye.

Ungetarajia kwamba kijana wa namna hiyo angerudi kwao kwa majivuno. Kweli, Novemba mwaka huo huo aliongoza opera yake ya kwanza nchini Italia, mjini Torino. Lakini miezi michache baadaye alirudi kwenye kiti cha chelo kwa hiari yake. Verdi, aliyekuwa na umri wa miaka 73, alikuwa anatoa opera mpya, Otello, katika ukumbi wa La Scala mjini Milano, tarehe 5 Februari 1887, na Toscanini alitaka kuwa karibu na mazoezi yanayosimamiwa na mtunzi mwenyewe. Huko kulitokea jambo ambalo naliona kuwa ufunguo wa maisha yake yote. Mwishoni mwa tendo la kwanza, Otello na Desdemona wanapobaki peke yao usiku, chelo nne zinapiga peke yake, kwa sauti ya chini sana. Toscanini alipiga chini sana, kama ilivyoandikwa. Verdi alimsogelea, akamwomba mpiga chelo wa pili aongeze sauti, kwa kuwa hasikiki. Kijana alishangaa: nimepiga kilichoandikwa, na aliyekiandika ananikosoa!

Mwaka 1898 mambo yaligeuka. Toscanini alikuwa anatayarisha nyimbo takatifu za Verdi kwa ajili ya tamasha la Torino, akamtembelea mzee huyo huko Genova ili kumpigia Te Deum kwa piano. Mahali fulani alihisi kwamba mwendo unataka kupunguzwa kidogo, ingawa kitabu hakikusema hivyo. Alipunguza, huku akiwa na hofu. Verdi alimpongeza, akamweleza kwamba alama ya kupunguza mwendo hakuiandika kwa makusudi, kwani angeiandika, waongozaji wangezidisha mno.

Nimevisimulia visa hivi viwili kwa sababu Toscanini anajulikana duniani kwa kanuni moja, kwamba muziki upigwe kama ulivyoandikwa, na wengi huichukua kanuni hiyo kama ukarani. Zama zake zilikuwa za waimbaji walioongeza madoido yao mwishoni mwa kila wimbo, wakashikilia nota ya juu mpaka watu washangilie, na waongozaji waliobadilisha mwendo kila baada ya kipimo ili waonekane wana hisia. Yeye alifagia. Kuhusu Simfoni ya Tatu ya Beethoven, ambayo watu huihusisha na Napoleon na falsafa za kila aina, inasemekana alijibu kwamba kwake yeye ni allegro con brio, yaani maneno matatu ya mtunzi juu ya ukurasa wa kwanza, yanayoagiza mwendo wa haraka wenye uchangamfu. Lakini alijifunza mapema, tena kwa mtunzi mwenyewe, kwamba nota iliyoandikwa haijasema kila kitu. Na yeye mwenyewe hakuwa mtakatifu wa kanuni yake: alikata kurasa nzima katika simfoni ya Manfred ya Tchaikovsky, na aliongeza nota za honi na za ngoma hapa na pale katika Beethoven pale alipoona vyombo vya kale vilimzuia mtunzi. Mimi simlaumu kwa hilo; ninawalaumu wanaomnukuu bila kumsikiliza.

Kufikia wakati huo alikuwa amekwisha kuongoza maonyesho ya kwanza kabisa ya Pagliacci ya Leoncavallo, Milano mwaka 1892, na La bohème ya Puccini, Torino, tarehe 1 Februari 1896. Mwishoni mwa 1898, akiwa na miaka 31, alikabidhiwa La Scala. Hapo vita vyake vikawa na watazamaji wenyewe. Opera ya Italia wakati ule ilikuwa kama sebule: taa zinawaka, mabibi wamevaa kofia pana zinazowakinga walio nyuma wasione jukwaa, watu wanazungumza, na wimbo ukipendeza wanadai urudiwe pale pale hata kama mwenye kuuimba katika hadithi amekwisha kufa. Toscanini alizima taa, akaziondoa kofia, akakataza kurudiarudia. Mwaka 1903, usiku wa mwisho wa msimu, watazamaji waling'ang'ania wimbo mmoja urudiwe, na alipoona hawanyamazi aliondoka katikati ya onyesho, akaiacha La Scala kwa miaka kadhaa. Kwa hiyo usimfikirie kama mtu aliyeshindana na wakubwa peke yao. Umma wa waliolipa tiketi nao aliukatalia.

Baina ya 1908 na 1915 alikuwa New York, katika Metropolitan Opera, ambako Gustav Mahler naye alikuwa akiongoza kwa muda. Sitakaa sana hapo, ila nitaje kwamba tarehe 10 Desemba 1910 alitoa kwa mara ya kwanza La fanciulla del West ya Puccini, Caruso akiimba. Vita vya kwanza vya dunia vilipoifikia Italia alirudi kwao, na mwaka 1917 aliongoza bendi ya kijeshi mstari wa mbele, kwenye mlima Monte Santo, makombora yakilia. Serikali ikampa nishani ya ushujaa.

Sasa nafika kwenye swali lako la pili, na jibu ni ndiyo, kwa muda mfupi. Katika uchaguzi wa Novemba 1919 jina lake lilikuwa kwenye orodha ya wagombea wa Mussolini mjini Milano. Ukumbuke kwamba chama kile wakati huo kilikuwa kichanga, kikihubiri jamhuri na kuwapinga matajiri na ufalme, na mtoto wa mfuasi wa Garibaldi aliyasikia maneno hayo kama maneno ya baba yake. Walishindwa vibaya, hakuna hata mmoja wa orodha hiyo aliyechaguliwa. Kufikia Mussolini aliposhika serikali mwaka 1922, Toscanini alikuwa amekwisha kumchukia. Mwishoni mwa mwaka huo huo, mafashisti, yaani wafuasi wa chama cha Mussolini, waliokuwa La Scala walipodai katikati ya opera kwamba wimbo wao wa chama, Giovinezza, upigwe, alivunja kijiti na kutoka.

La Scala aliirudia tangu 1921, na miaka ile minane ndiyo ninayoihesabu kuwa kilele cha kazi yake ya opera. Usiku unaokumbukwa zaidi ni wa tarehe 25 Aprili 1926, onyesho la kwanza la Turandot. Puccini alikuwa amefariki mwaka 1924 kabla ya kuimaliza, na mtunzi mwingine, Franco Alfano, alikuwa ameikamilisha kwa kufuata karatasi zilizobaki. Mussolini alitarajiwa ukumbini kwa sharti la kawaida la kupigiwa Giovinezza; Toscanini alikataa, na Mussolini hakuja. Opera ilifika mahali mtumwa Liù anapojiua na mwili wake kubebwa. Toscanini alishusha mkono, akageuka, jambo ambalo hakuwa na desturi ya kulifanya, akawaambia watu kwa sauti ndogo kwamba hapa ndipo maestro alipofariki. Pazia likateremka. Sehemu ya Alfano ilisikika katika maonyesho yaliyofuata.

Kuhusu kupigwa kwake usoni, ambako huenda umekwisha kusoma mahali, kulitokea Bologna tarehe 14 Mei 1931. Alikwenda kuongoza tamasha la kumkumbuka mtunzi Giuseppe Martucci. Mchana aliambiwa kwamba mawaziri watahudhuria, hivyo aanze na wimbo wa mfalme na Giovinezza. Alijibu kwamba tamasha ni la maombolezo na hazipigi. Jioni, gari lake liliposimama mlangoni pa ukumbi, kundi la mafashisti wenye mashati meusi lilimzunguka na kumuuliza kama atapiga wimbo ule. Akasema hapana. Makofi yakamshukia usoni na shingoni. Alikuwa na miaka 64. Dereva alimvuta ndani ya gari, tamasha likafutwa, wahuni wakamfuata mpaka hotelini na kupiga kelele chini ya dirisha, naye akaondoka mjini usiku huo huo. Pasipoti yake ilichukuliwa kwa majuma kadhaa na nyumba yake ya Milano ikawekewa askari. Hakuongoza tena muziki Italia mpaka Mussolini alipokuwa kaburini.

Watu wengine wangeishia hapo. Yeye alikuwa Mwitaliano wa kwanza kuongoza katika tamasha la opera za mtunzi Wagner huko Bayreuth, Ujerumani, mwaka 1930, na mahali pale alipaheshimu kama hekalu. Lakini mwaka 1933, Wayahudi walipoanza kufukuzwa katika okestra za Ujerumani, alitia sahihi simu ya maandishi ya kumlalamikia Hitler, na Hitler alipomwandikia barua mwenyewe akimwomba aje, hakwenda. Alihamia tamasha la Salzburg nchini Austria, na Februari 1938, serikali ya huko ilipoanza kumwinamia Hitler, akaacha kabla nchi haijamezwa. Katikati ya hayo, tarehe 26 Desemba 1936, aliongoza mjini Tel Aviv tamasha la kwanza la okestra iliyoundwa na mpiga fidla Bronisław Huberman kwa wanamuziki wa Kiyahudi waliokimbia Ulaya, na malipo akayakataa.

Nikisimulia hivi naweza kukufanya umwone kama malaika, na wapiga vyombo wake wangenicheka. Kwenye mazoezi alikuwa mtu wa kutisha. Zipo kanda za sauti zilizonaswa mazoezini, na ndani yake unasikia mzee akipiga kelele mpaka sauti inakatika, akiwatukana watu wazima wenye familia, akivunja vijiti, akirusha vitabu vya nota chini. Wapo waliotetemeka hata wakashindwa kupiga walichokijua. Hasira hiyo mara nyingi aliielekeza pia kwake mwenyewe, na baada ya onyesho ambalo watu walishangilia aliweza kujifungia akikataa kula kwa sababu ya vipimo vinne vilivyoharibika. Wanamuziki wengi walimsamehe kwa sababu waliona hajitafutii sifa. Binafsi nadhani msamaha huo ulikuwa mkubwa kuliko alivyostahili, na umewapa kisingizio waongozaji wengi wa baadaye walioiga ukali wake bila kuwa na sikio lake. Mwalimu wenu wa kwaya akianza kurusha vitabu, usikubali akutajie Toscanini.

Mwaka 1937, akiwa na miaka 70 na akiwa amekwisha kuiaga okestra ya New York Philharmonic, shirika la redio la NBC la Marekani lilimuundia okestra nzima ili arudi. Tamasha la kwanza lilirushwa hewani usiku wa Krismasi mwaka huo. Ukumbi wa studio ulikuwa mkavu wa sauti, usio na mwangwi, na watazamaji waligawiwa programu zilizochapishwa kwenye kitambaa ili kurasa zisichakarishe mbele ya vipaza sauti. Kwa miaka 17 watu ambao hawajawahi kukanyaga ukumbi wa muziki walimsikia majumbani mwao. Ndiyo sababu jina lake lilikua kuliko la mwenzake wa Ujerumani, Wilhelm Furtwängler, ambaye wapo wanaomweka juu yake, nami sitabishana nao usiku kucha: Furtwängler aliufanya muziki upumue na kubadilika kama mtu anayewaza, Toscanini aliufanya usimame wima. Lakini redio ya Marekani ilikuwa upande wa Toscanini. Ndiye aliyetoa kwa mara ya kwanza Adagio ya Samuel Barber kwa okestra ya nyuzi, Novemba 1938, na tarehe 19 Julai 1942 akawapigia Wamarekani Simfoni ya Saba ya Shostakovich, ambayo nota zake zilisafirishwa kutoka Urusi katika filamu ndogo kupitia Tehran na Cairo. Filamu uliyoitazama yawezekana ni ile ya 1943, ambamo anaongoza Inno delle nazioni (Wimbo wa Mataifa) ya Verdi. Ukisikiliza kwa makini utasikia mahali mtunzi alipoandika "Italia, nchi yangu" yeye amebadilisha iwe Italia iliyosalitiwa. Mtu wa kupiga kama ilivyoandikwa!

La Scala ilibomolewa na mabomu Agosti 1943. Ilipojengwa upya, yeye ndiye aliyeifungua, tarehe 11 Mei 1946, akiwa na miaka 79. Alitaka wanamuziki waliofukuzwa kwa sababu ya Uyahudi wao warudishwe, na mwalimu wa kwaya usiku huo alikuwa Vittore Veneziani, aliyeondolewa kwa sheria za ubaguzi za 1938. Vipaza sauti viliwekwa nje, na uwanja ulijaa watu walioikosa tiketi. Mwaka 1949 rais Luigi Einaudi alimteua kuwa seneta wa maisha. Alishukuru na kukataa, akisema anataka kumaliza maisha yake kama alivyoyaishi.

Kumbukumbu iliyomtoa kwenye safu ya chelo ndiyo iliyomwambia aache. Tarehe 4 Aprili 1954, katika Carnegie Hall, programu ikiwa ya Wagner tupu, mkono wake ulianza kuyumba ndani ya muziki wa Tannhäuser, kisha ukakaribia kusimama kabisa. Akili ilikuwa imemtupa kwa mara ya kwanza mbele ya watu. Waliokuwa kwenye chumba cha mitambo walishikwa na hofu, wakawarushia wasikilizaji wa redio santuri ya muziki wa Brahms kwa muda mfupi. Ukumbini inasimuliwa kwamba mpiga chelo kiongozi ndiye aliyewashika wenzake kwa ishara za kichwa mpaka mzee aliporudi. Alimaliza kipande cha mwisho, akashuka, na hakurudi kupokea makofi. Alifariki nyumbani kwake Riverdale, New York, tarehe 16 Januari 1957, miezi miwili kabla ya kutimiza miaka 90. Mwili wake ulipopelekwa Milano, msafara ulisimama mbele ya La Scala, ambako ukumbi ulikuwa mtupu na milango imefunguliwa, na ndani Victor de Sabata akaongoza matembezi ya mazishi ya simfoni ile ile ya tatu ya Beethoven.

Limebaki neno lako moja la kusahihisha, kwamba haimbi. Tafuta La bohème aliyoirekodi redioni Februari 1946, miaka hamsini kamili tangu alipoitoa Torino. Nyuma ya waimbaji utasikia sauti ya mzee, kavu na isiyo na ufundi wowote, ikiimba pamoja nao kwa nguvu, na mafundi mitambo hawakuweza kuiondoa. Ukiizoea hiyo, nenda kwenye Otello yake ya Desemba 1947, mwisho wa tendo la kwanza, kelele za walevi zinapokwisha na chelo moja inaanza peke yake, kisha nyingine tatu zinaungana nayo. Isikilize ile ya pili. Haizimiki chini ya wenzake.